Picha Isiyo na Ngoma

Jumamosi hiyo duka la rangi lilijaa hadi mlangoni. Mchoraji, binti mwembamba mwenye kilemba cha manjano na ovaroli iliyotapakaa rangi, alinyoosha mkono kuchukua kopo la mwisho la buluu. Mkono mwingine ukamwahi.

"Samahani dada, nina mlango wa kupaka," alisema kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililonyooka kwa pasi.

"Na mimi nina mbingu ya kupaka. Kipi kikubwa?"

Kijana akacheka, akamwachia kopo, akaomba namba ya simu iwe fidia yake. Mchoraji akampa, kisha akajishangaa njia nzima.

Simu ikaita jioni ile ile. Haukupita muda kijana akawa "Mrefu wangu", na binti akawa "Buluu". Mrefu alifanya kazi kwenye jumba la sanaa la taifa, akiandika maelezo yanayobandikwa kando ya picha. Ndiye aliyempeleka mkurugenzi wake kuona picha kubwa ya Buluu juu ya turubai, iliyojaa mistari na madoa, bila mtu wala mnyama. Ikachaguliwa kwa maonyesho ya sikukuu ya uhuru. Buluu alicheza peke yake chumbani mpaka jirani akagonga ukuta.

Siku moja kabla ya ufunguzi akaenda kuiona ikitundikwa. Kando yake palibandikwa karatasi: *Midundo ya ngoma za mababu. Roho ya kijiji isiyobadilika.*

"Nani kaandika haya?"

"Mimi," Mrefu alijibu. "Nisikilize, mpenzi. Mkurugenzi alisema haina utaifa, inafanana na za Ulaya, angeiondoa. Nikatafuta maneno ya kuiokoa."

"Waliotutawala walisema sisi ni ngoma na mikuki basi. Wakaondoka. Leo napaka ninachokiona dirishani kwangu, na mtu wangu mwenyewe ananirudisha kule kule."

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomchoma Mrefu. Buluu akaondoka. Simu za Mrefu hakupokea.

Kesho yake, siku ya ufunguzi, mama yake Buluu alichoka kuisikia simu ikilia. "Mwanangu, ama upokee ama uizime."

Buluu akapokea, akaiweka mezani kwa spika.

"Buluu, usikate. Sikiliza tu."

Zikasikika nyayo, minong'ono ya ukumbi, kisha sauti ya Mrefu kwenye kipaza sauti.

"Wageni waheshimiwa, maelezo ya picha hii niliyaandika mimi, na ni ya uongo. Niliogopa. Hapa hakuna ngoma. Haya ni mabati ya mtaani, hizi ni nyaya za umeme, na hili doa jekundu ni shuka la mama wa mchoraji limeanikwa. Ameipaka nchi yetu ilivyoamka leo asubuhi. Tukiona haifanani na sisi, ni kwamba bado tunajitazama kwa macho ya wengine."

Karatasi ikasikika ikichanwa. Mkurugenzi akasema, "Kijana, teremka hapo." Lakini mwanamke mmoja akadakia, "Subirini. Paa lile si la mtaani kwetu?" Ukumbi ukalipuka kwa vicheko na makofi.

"Amelitaja shuka langu mbele ya wakubwa," mama alisema. "Na wewe bado umekaa?"

Buluu alitoka na ovaroli yake hivyo hivyo. Mbele ya jumba akamkuta Mrefu kwenye ngazi, shati limelowa jasho. Ndani, watu walijazana mbele ya picha wakionyeshana nyumba zao.

"Wamekufukuza?"

"Bado. Mkurugenzi amezingirwa na wageni wanaotaka kukuona wewe."

Buluu akajaribu kununa, kicheko kikamtoroka. "Ulipaswa kuniuliza kabla ya kuandika."

"Kuanzia leo nitakuuliza kila kitu."

"Anza."

Mrefu akamsogelea. "Utakubali nikuoe?"

"Ndiyo," alisema Buluu, akamshika mkono. "Lingine utaniuliza ndani. Twende, watu wananisubiri."