Gitaa la Ishaka Halina Nyuzi

Harufu ya udi ilianza kabla ya sauti. Kwa Munga hakufukizwi udi, wala hakujawahi. Yeye ni Mgiriama wa Mtopanga, mtu wa kanisani, na tangu mkewe Margret atangulie, nyumba ile hunukia samaki wa kukaanga na sabuni, basi. Sasa udi ulinukia ukutani, pale alipotundika gitaa.

"Baba, umenunua udi?" binti yake Kache aliuliza.

"Nitoe wapi nguvu za kununua udi?" Alikuwa amejilaza mkekani, viatu bado miguuni. "Ni mbao za zamani hizo. Niache nipumzike."

Tumwache basi, maana alichoka kweli. Miaka na miaka Munga alitafuta gitaa la namna moja tu: la umeme, la kale, lenye tumbo nusu, katikati gogo la mbao, pembeni uwazi, usoni matundu mawili yaliyopinda. Ujanani alipiga la kuazima kwenye hoteli moja ya Shanzu, na halikumtoka rohoni. Mchovya asali hachovyi mara moja. Alipekua stoo za baa zilizofungwa Changamwe, akachungulia chini ya vitanda vya wazee wa bendi Kisauni nzima, na kila alipoitwa akaone, alitolewa gitaa kavu, lisilo la umeme, lililopasuka, au jipya lililokwanguliwa lionekane kongwe. Akiligonga kwa kidole, anajua. Anashukuru, anarudi nyumbani kimya.

Hili alilipata Likoni, kwa Bi Mwanasaumu, mjane wa Ishaka aliyekuwa akipiga harusini. Halikuwa na uzi hata mmoja. Yule mama hakutaka malipo.

"Lichukue, mwanangu. Bali likikuita, usiitike. Binadamu asipoitikiwa hurudia. Hilo huita mara moja tu. Na watu wa nyumbani uwaambie."

"Nitawaambia, mama."

Aliwaambia? Wapi! Alifika hoi, akaona haya mtu mzima kuzungumza habari za majini, akatundika, akalala. Mimi uchovu wa namna hiyo siuonei huruma.

Maana Kache alikuwa mwimbaji. Alikuwa akiimba hotelini Shanzu, na sauti yake ndiyo iliyoiweka sufuria jikoni. Isitoshe, alilelewa akaleleka: akiitwa huitika papo hapo, hata awe na povu mikononi. Baba hangojeshwi.

Kesho yake, jua likiwa utosini na mtaa wote umejilaza, Kache alikuwa uani akifua. Sauti ikatoka ndani, nzito, ya mtu aliyechoka.

"Kache!"

"Abee, baba!"

Akainuka, akaingia, akakuta mkeka mtupu na udi umejaa chumba kizima, na hapo hapo mlango wa mbele ukafunguka, Munga akaingia na mkate kwapani, anatoka dukani, jasho linamtiririka, na Kache akafungua kinywa amuulize kama ni yeye aliyemwita, lakini kinywani hamkutoka kitu, ila ukutani, ndani ya tumbo la lile gitaa lisilo na uzi, sauti yake mwenyewe, ile ile ya kuimba, ikauliza polepole: "Umeniita, baba?"

Mkate ulianguka. Munga alilivua gitaa msumarini akaliinua alibamize sakafuni.

"Baba, naumia," likalia.

Akalishusha. Walilifunga kwenye kanga ya Kache, wakashika njia ya Likoni. Katikati ya kivuko likaanza kuimba ndani ya kanga, taratibu, na mama mmoja akageuka akamwambia Kache, "Mashallah, una sauti nzuri, mwanangu." Kache alilia bila sauti mpaka wakashuka.

Bi Mwanasaumu aliwaona tu mlangoni, akaenda kuwasha makaa.

"Hukuwaambia."

"Nilichoka, mama."

"Na mimi nilichoka. Ndiyo maana nikakupa." Alisema akiwa amewapa mgongo. "Mungu anisamehe."

Akafukiza udi, akanyunyiza marashi, akainamia yale matundu mawili na kunong'ona, "Ewe mgeni, huyu mtoto hakukutafuta. Muache."

"Aliniitika," likajibu, kwa sauti ya Kache.

"Aliyekutafuta ni baba yake. Muite yeye."

Moshi ukaacha kupanda, ukalala sakafuni. Kisha kutoka mle ndani, mara moja tu:

"Munga."

Bi Mwanasaumu alimshika mkono. "Ukiitika, sauti yake itarudi. Yako itakaa humo. Shauri yako, mwanangu."

Kache alikuwa akitikisa kichwa, amekamata shati la baba yake kwa mikono yote miwili. Munga alimtazama. Alimkumbuka anavyoimba akifua, akipika, akimsubiri kila alipotoka kutafuta upuuzi huu, na yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia kwamba anamsikia.

"Labeka," akasema.

Kache akakohoa. "Baba?" Sauti yake, yote, kamili.

Munga alifungua kinywa amjibu, kisha akakifunga.

Sasa Kache anaimba tena Shanzu, na watu wanamshangilia. Gitaa liko pale pale ukutani, Mtopanga. Bi Mwanasaumu amewakataza kulivunja wala kumpa mtu: humo mna sauti ya binadamu. Na jua likifika utosini, udi hunukia, na gitaa huita. Siyo tena kwa kuigiza. Ni sauti ya Munga mwenyewe, na uchovu wake wote.

"Kache!"

Mara moja tu. Na Kache, ambaye hakuwahi kumwacha baba yake aite bure, hujaza kanga mdomoni na kuiuma kwa nguvu. Mbele yake, mkekani, baba yake anatikisa kichwa, machozi yanamtoka: usiitike, mwanangu, usiitike.