Hapa Mvua, Pale Jua

Jumamosi ile soko la Bukoba lilikuwa tope tupu. Ephrasia wa Muleba alipenya katikati ya wauza ndizi, gauni la maua ya njano mwilini, viatu mkono mmoja, na kwapani kopo la shaba lenye mdomo mpana. Mbele ya ubao wa matangazo kijana mmoja alikuwa akibandika karatasi. Kaptula yake ilipigwa pasi hadi ikakakamaa. Soksi zilifika magotini.

"Dada, pombe ya lubisi imebaki humo?" akauliza, jicho kwenye kopo.

"Hiki chombo cha kupimia mvua, bwana. Nimepata kazi ofisi ya kilimo, Muleba. Kila asubuhi nitapima, nimpigie simu karani mmoja wa hali ya hewa anaitwa Burhani. Wanasema ana maneno mengi."

"Wamepunguza. Ana mengi kuliko wanavyosema. Ndiye mimi."

Ephrasia hakuomba radhi. Aliisoma karatasi kwa sauti: "'Wiki hii, mvua za hapa na pale.' Hapa wapi, bwana karani, na pale wapi?"

"Hapa ni nilipo mimi. Pale ni ulipo wewe."

Alicheka hadi kiatu kimoja kikamponyoka. Burhani alikiokota, akakifuta kwa leso yake nyeupe, na leso ile mama yake hakuweza kuitakatisha tena. Ndivyo mapenzi yalivyoanza, mwaka 1956.

Kila Jumatatu utabiri wa wiki ulifika kwa telegramu kutoka Nairobi, kwa Kiingereza. Burhani aliufasiri, akapiga mhuri, nakala moja ubaoni, nyingine kwa lori hadi Muleba, ambako Ephrasia aliwasomea wakulima. Na kila siku saa mbili asubuhi, simu.

"Muleba. Nusu inchi."

"Nusu tu? Mbona sauti kama imelowa?"

"Andika, bwana karani. Laini ya serikali hii."

"Nimeandika. Muleba, nusu inchi, Ephrasia kanuna."

"Sijanuna, mpenzi. Hebu futa!"

Aliyenuna ni baba yake, Mzee Karugendo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi na mwenye shamba la kahawa. "Mtu wa mjini," alisema, "Mwislamu, na kazi yake kumsemea Mungu mvua! Nitajuaje kama neno lake ni la kweli?"

Ephrasia hakuchoka kumwomba. Mwisho wa mwezi wa tano mzee akalegea. "Kahawa yangu imeiva. Jumatatu nisomee karatasi ya huyo mtu wako. Ikisema jua, nachuma shamba zima. Jua likitoka kweli, mlete nimwone."

Alikimbilia simu kumweleza Burhani. Simu kimya. Radi ilikuwa imeangusha nguzo njiani.

Kule Bukoba, siku tatu bila sauti ile zilimfanya Burhani akose hata hamu ya kula. Jumatatu telegramu ikaja: mvua kubwa na unyevunyevu, ziwani hadi bara, wiki nzima. Ubaoni aliandika sawasawa. Kwenye nakala ya Muleba mkono ukamkaidi: *Hapa mvua kubwa wiki nzima. Pale jua.* Ephrasia ataelewa, akawaza: mimi nalia, yeye anang'aa. Na wakulima je? Wana macho, watatazama juu. Akapiga mhuri kwa mazoea.

Ephrasia alipofika kwenye neno "pale" alitabasamu kidogo. Lakini mhuri ulikuwepo, na nani anapiga mhuri kwenye mzaha? Akasoma. Karugendo akachuma shamba zima, akatandaza mikeka hadi mlangoni.

Jumanne ikanyesha. Jumatano ikanyesha. Hata ilipokatika, hewa ilikuwa nzito kama mvuke wa chungu. Kufika Ijumaa kahawa imeota ukungu mweupe, harufu yake imeingia hadi kwenye mashuka.

Jumamosi asubuhi simu ilipona. Ephrasia akapiga Bukoba, akapokea Shaban, karani mwenzake Burhani.

"Hayupo, dada. Amepanda lori kuja huko kwako."

"Shaban, nisomee telegramu ya Jumatatu. Kama ilivyo, kwa Kiingereza."

Alimsomea. Ephrasia akamwambia asome tena.

Mchana Burhani alishuka mbele ya nyumba, kanzu nyeupe na koti jeusi, tope hadi magotini. Aliiona ile mikeka, akaelewa kabla hajaambiwa. Ephrasia alisimama mlangoni, khanga mabegani.

"Wewe ndiye mwenye karatasi?" akauliza Karugendo.

"Ndimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Haya niambie, kijana. Ilikuwaje?"

Burhani alimtazama Ephrasia, kisha mikeka.

"Nairobi, mzee. Nairobi walikosea. Mimi nafasiri tu."

Mzee aliusukuma mkeka kwa mguu. "Wazungu wa Nairobi wataijuaje mvua ya Muleba! Mwingine angejificha, wewe umekuja mwenyewe. Keti, mwanangu. Ephrasia, mletee mgeni kahawa ya kutafuna."

Alileta ile ya mwaka jana, akampa kwa mikono miwili. Kisha akatoka, Burhani akamfuata hadi nyuma ya jiko.

"Umesikia? Ameniita mwanangu! Mpenzi, amekubali!"

"Shaban amenisomea telegramu."

Burhani akameza ile kahawa nzimanzima.

"Ulikuwa mzaha wetu, Ephrasia. Ningesema kweli angenifukuza."

"Angekufukuza. Na mimi ningekufuata, hivi hivi mvuani. Nguo zangu zimefungwa tangu asubuhi."

"Basi narudi ndani sasa hivi, namwambia."

"Sasa utamwambia kwa sababu mimi najua. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni, Burhani. Ulinitazama, halafu ukasema Nairobi." Aliivuta khanga mabegani. "Lori linarudi saa kumi. Usilikose."

Ephrasia alingoja mzaha, tusi, lolote. Burhani akashika njia ya barabarani.

"Ephrasia!" Karugendo aliita kutoka ndani. "Mgeni yuko wapi? Ndizi zimeiva!"

"Amekwenda, tata. Ameitwa kazini."

"Kijana mwema yule. Mwambie arudi."

"Nitamwambia," akasema Ephrasia, akaingia chumbani kufungua furushi.