Faili Lisilo na Kosa

"Chuja. Kisha ruhusu malori."

Sauti ya Mkurugenzi, kutoka Dar. Simu ikakatwa.

Wakala Gasper Nandonde akafungua kompyuta yake ya Toshiba katika chumba cha kupanga, Mkomaindo, mjini Masasi. Bastola yake, Browning, ilikuwa mezani.

Kila kijiji kilikuwa na faili lake la XML: majina ya wakulima wa kupewa salfa ya mikorosho. Programu aliyoiandika Gasper kwa PHP ililisoma mstari kwa mstari. Palipopungua kitu, ilitoa kosa kwa rangi nyekundu. Faili lenye makosa, kijiji hakipati salfa. Ndivyo walivyoamua wakubwa, hao hao walioua ushirika wakatuachia soko huria tule.

Mikorosho ilikuwa kwenye maua. Bila salfa, ugonjwa wa ubwiriunga unayamaliza.

Faili la Makote, kijiji cha Newala, lilipita safi. Akaruhusu lori lake.

La Chilangala, huko huko Newala, likatoka jekundu tupu. Jina la pili halipo. Jina la pili halipo.

Akampigia karani wa kule, Mama Pili. Akamwamkia, akaitikiwa, akauliza mbona ameandika Baba Somoe, Mama Kurwa, basi.

"Sasa baba, mtu mzima nimtaje jina lake? Kwani nimegombana naye?"

Gasper akacheka.

Kisha akaacha kucheka.

Akalirudia faili la Makote. Majina matatu matatu, hakuna Baba Fulani hata mmoja. Karani gani wa Newala angeandika hivyo?

Hakuna. Wale walikuwa wakulima hewa. Na lori lilikuwa limeshaondoka.

Land Cruiser ikanguruma.

Alilikuta lori hilo, Fuso, linajikokota kwenye mlima wa kupandia Newala. Akalipita. Akaziba njia.

Dereva, Sadallah, akatoa bunduki ya SMG dirishani.

Browning ikawahi. Risasi ya bega. SMG ikadondoka vumbini.

Gasper akamfunga jeraha, akamtia pingu. Sadallah akasema yote bila kupigwa: salfa ilikuwa inavuka mto Ruvuma kwenda Msumbiji, wanunuzi wageni wanasubiri ng'ambo.

"Nani kakutuma?"

"Aliyekutuma wewe, kaka."

Simu ikalia. Mkurugenzi.

"Nimeambiwa umezuia lori. Liachie. Faili la Chilangala lifute."

"Sikusikii, mkuu."

Akaizima.

Gasper akaliendesha Fuso hadi Chilangala, likashushwa mzigo. Watu walibeba mifuko bila kelele. Nusu ya maua yalikuwa meusi tayari. Hayo hayarudi hata ukiyamwagia salfa ya dunia nzima. Mama Pili aliyashika, yakapukutika mkononi.

Gasper alipomweleza, akauliza kama huyo mkubwa atafungwa.

Gasper akamwambia hapana. Atakayefukuzwa kazi ni yeye, Gasper.

"Na mwakani, baba?"

"Mwakani wezi watajifunza kuandika Baba Fulani, Mama Fulani, na jina la pili. Hakuna atakayewagundua."

Mama Pili akainua mfuko wake, akaelekea shambani.

Gasper akaifuta Browning vumbi, akaichomeka kiunoni, akaondoka taratibu bila kugeuka.