Ghuba ya Bure

Kwa familia ya Mokeira, Jumapili ni siku ya kazi kwa sababu wao husali Jumamosi. Asubuhi hiyo, kama kawaida, Mokeira aliishika mikungu ya ndizi huku babake akiikata katika shamba lao la Marani, milimani. Kisha aliifunika kwa majani makavu ya mgomba ili isichubuke ndani ya pikapu. Mokeira alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili na aliipenda kazi hiyo. Siku hiyo, hata hivyo, aliogopa kufika ziwani.

Wiki moja kabla, babake, Bwana Machogu, alikuwa amenunua mashua ndogo ya tanga. Alitaka kuwapelekea ndizi watu wa ng'ambo ya ziwa, ambako barabara ni mbovu. Mashua aliipata, lakini mahali pa kuifunga palimsumbua. Kwenye gati la wavuvi kulikuwa na kibao kilichoandikwa: "Ada ya mashua, shilingi mia mbili kwa siku." Bwana Machogu alikisoma mara mbili, akatikisa kichwa, akaondoka.

Mbele kidogo, nyuma ya mafunjo, aliona ghuba ndogo iliyotulia. Hapakuwa na kibao wala mashua nyingine.

"Hapa upepo haufiki," alisema kwa furaha. "Ni kama kule bondeni kwetu, ambako migomba haianguki. Mokeira, wewe Kiswahili chako ni kizuri. Nenda uwaulize wale akina mama wanaoanika samaki wa omena kama hapa ni salama."

Mokeira alikwenda. Lakini siku hiyo hiyo watoto wa ufuoni walikuwa wameiga matamshi yake ya Kikisii na kucheka mpaka wakashika mbavu. Alipofika karibu na kibanda cha nyavu, alisita. Alijificha nyuma ya kibanda, akahesabu hadi mia moja, akarudi.

"Wamesema ni salama, Tata," alimwambia babake.

Hayo yalitokea wiki iliyopita. Sasa walipofika tena ziwani na kuikuta mashua ikielea vizuri, Mokeira alipumua. Labda palikuwa salama kweli. Walipakia ndizi, babake akapandisha tanga, wakaondoka polepole.

Hawakufika mbali. Upepo uligeuka ghafla, ukaanza kuvuma kutoka ziwani. Kwenye mdomo wa ghuba lilitokea zulia la kijani, pana kama uwanja wa mpira. Yalikuwa magugumaji. Yalikuja bila kelele, yakajaza mlango wa ghuba, kisha yakaizunguka mashua pande zote.

Bwana Machogu alipiga kasia, likakwama kwenye mizizi. Alijaribu kurudi nyuma, mashua haikusogea hata kidogo. Nchi kavu ilikuwa hatua arobaini tu, lakini chini ya majani yale maji yalikuwa marefu na hakuna hata mmoja wao aliyejua kuogelea.

"Mzee wa ndizi!" mama mmoja mwenye leso nyekundu aliita kutoka ufuoni. "Tuwarushie kamba?"

Bwana Machogu alimgeuzia mgongo.

"Tata, mbona humjibu?"

"Nimjibu nini? Si ni hao waliosema hapa ni salama? Walitaka tunase ili watucheke, sisi watu wa milimani. Tutangoja upepo ugeuke."

"Utageuka saa ngapi?"

"Sijui."

Jua lilipanda. Ndizi zilianza kupata joto, na maji ya kunywa yakaisha. Mokeira alitazama kijani mbele, kijani nyuma.

"Nikitoka hapa," babake alisema, "nitamshtaki yule mwenye leso nyekundu mbele ya kamati nzima ya ufuo. Afukuzwe!"

"Usimshtaki, Tata." Mokeira alianza kulia. "Sikumuuliza. Sikumuuliza mtu yeyote. Nilijificha nyuma ya kibanda kwa sababu niliogopa kuchekwa."

Bwana Machogu alikaa juu ya mkungu wa ndizi. Hakupaza sauti.

"Saa tatu nzima nimewanunia watu wasio na kosa," alisema. "Waite. Waite wewe, kwa nguvu."

Mokeira alisimama. "Mama! Tusaidieni! Tumenaswa!"

Watoto wa ufuoni walicheka na kuyarudia maneno yake vilevile alivyoyatamka. Lakini walicheka huku wakikimbilia kamba. Wavuvi wawili waliingia na mtumbwi, wakafyeka njia kwa panga, wakaifunga kamba kwenye mashua. Ufuo mzima ulivuta.

Mwenye leso nyekundu aliitwa Mama Apondi, naye alikuwa katibu wa kamati. "Nani aliwaambia mfunge mashua hapa?" aliuliza.

Babake alimtazama Mokeira.

"Mimi, Mama. Nilitumwa kuwauliza, sikuwauliza. Nisamehe."

"Hee! Mtoto wangu, hapa ni bure kwa sababu hapa ndipo magugu hulala. Ungeuliza, tungekwambia, na maneno yetu hatuyauzi."

"Lakini kule gatini mia mbili kila siku siiwezi," Bwana Machogu alisema.

"Kila siku? Hiyo ni ya wanaovua kila siku! Wewe unakuja Jumapili, utalipa ya Jumapili. Siku nyingine tutaivuta nchi kavu pamoja na zetu. Kwani uliuliza?"

Sasa ilikuwa zamu ya Bwana Machogu kuinamisha kichwa.

Jioni hiyo, mashua ilipokuwa imefungwa gatini, alimketisha Mokeira kando yake.

"Mimi kibao kilinitisha, wewe kicheko kilikutisha. Sote wawili tulikosea. Lakini kosa lako lilikuwa zito zaidi, na nitakwambia kwa nini. Mtu akijua kwamba hajui, huendelea kutafuta. Uliponiambia umeuliza, niliacha kutafuta. Uongo wako ndio uliotufungia pale kabla ya magugu kufika. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Tata."

"Basi nenda ukamuulize Mama Apondi tuondoke saa ngapi Jumapili ijayo kabla upepo haujageuka. Niletee jibu lake, si lako."

Mokeira alipangusa macho, akatembea moja kwa moja hadi kwa akina mama, akawasalimu.