Tangazo la Juu na Mayai ya Prudencia

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika chai, Prudencia wa Buhongwa huchungulia mashine yake ya kutotolea vifaranga. Mashine hiyo ndiyo inayosomesha watoto wake. Asubuhi moja mayai mia moja na ishirini yalikuwa yametimiza siku ya ishirini. Vifaranga walishaanza kulia ndani ya maganda. Lakini taa ya mashine ilikuwa imezima, na kioo kilikuwa baridi.

Umeme ulikuwapo, mashine ndiyo iliyokufa. Prudencia akaifunika kwa blanketi, akachukua simu, akatafuta mtandaoni jina la kampuni iliyomuuzia, Totoa Bora. Jibu la kwanza lilikuwa na jina lilelile na maneno yaleyale ya kampuni. Akabonyeza namba iliyokuwa hapo, ikaita. Nani ahangaike kushuka chini, wakati anayemtafuta yuko juu?

Mwanamume mmoja akapokea kwa adabu zote. Akasema fundi atakuja, ila atumiwe kwanza shilingi elfu themanini. Saa nzima ilipita Prudencia akibishana naye. Mwishowe Kahigwa, mume wa Prudencia, akakimbilia kwa jirani yao Ogweno, baba wa Awuor, fundi simu na wakala wa kutuma pesa, ili amtumie yule mwanamume. Ogweno akaja naye nyumbani, pesa hajatuma.

"Shemeji, namba hii ina jina la mtu, siyo la kampuni. Umeitoa wapi?"

Prudencia akamwonyesha, hasira zimempanda. "Baba Awuor, tuma tu. Watanifia humu ndani."

"Soma kwanza hapa."

Juu ya jina la kampuni palikuwa na maneno madogo yaliyopauka: tangazo la kulipiwa. Ogweno akaeleza harakaharaka. Stendi, anayekudaka mlangoni si lazima awe wa kampuni ya basi, hata akivaa fulana yao. Mtandaoni ni vivyo hivyo. Wakala wa mauzo asiye mwaminifu hunakili tangazo la kampuni, akalipia likae juu, ili avune kamisheni ya kuleta mteja ambaye angefika mwenyewe. Wengine hukuvuta kwao kabisa.

"Sasa nimpigie nani?"

"Waliokuuzia mashine. Namba yao haikosi kuwa kwenye risiti, au kwenye mashine yenyewe."

Kahigwa akachungulia nyuma ya mashine, akaikuta. Dada aliyepokea alimwambia Prudencia afungue kifuniko kidogo pembeni. Fyuzi ilikuwa imeungua. Ogweno alikuwa na nyingine kibandani, na baada ya dakika kumi taa ikawaka.

Prudencia akamsimulia yule dada habari za tangazo, na wiki hiyohiyo kampuni ikampigia. Yule mwanamume alikuwa wakala wao kweli, lakini hakuruhusiwa kutangaza kwa jina lao. Wamemfukuza.

Vifaranga mia moja na wanne walitoka wazima. Siku hizi Prudencia hupiga namba ya kampuni aliyoiandika kwa chaki ukutani. Yale mayai kumi na sita yaliyobaki aliyafukia mwenyewe nyuma ya nyumba, na mpaka leo ile saa moja ya kubishana inamuuma.