Jicho Moja la Shangazi

Ndugu zangu, nyote mnaoishi ukuta kwa ukuta na watu wengine, nipeni sikio kidogo. Mimi ni fundi viatu. Kutwa nzima nimeketi chini, natazama miguu ya wapita njia, na anayetazama miguu ya watu hujiona anajua mambo yao mengi. Lakini hili nitakalowasimulia lilipita mbele yangu karibu mwaka mzima nisilione.

Nyumba tunayopanga ina vyumba kumi na viwili, sita huku na sita huku, na korido ndefu katikati. Chumba cha kwanza, karibu na mlango mkubwa, alikaa mshonaji tuliyemwita Shangazi. Hakuwa na udugu wa damu na yeyote kati yetu. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa sekondari. Asubuhi watu wakitoka kwenda kazini walimkuta tayari yuko kwenye cherehani, mlango wazi, pini mdomoni, na hakuna aliyepita bila kusalimiwa. Aliyetoka kifungo kikining'inia aliitwa ndani, akashonewa palepale akiwa amesimama, kisha akapigwa kofi dogo la mgongoni aende zake.

Nikisema alikuwa mwema, nimesema kidogo. Mgonjwa wa nyumba hii uji wake wa kwanza ulitoka kwa Shangazi. Wanandoa wakigombana, walipatanishwa juu ya kitanda chake, yeye katikati. Mtoto akitoka shule akakuta kwao kumefungwa, alikwenda kufanyia kazi zake za shule chini ya meza ya kukatia vitambaa. Wala hakuwa mtu wa kujitangaza. Ukimshukuru, alikuuliza kama suruali bado inakubana.

Basi, Shangazi akaanza kujigonga. Bega la kushoto liligonga fremu ya mlango, leo, kesho, keshokutwa. Kikombe kikiwekwa upande wa kushoto alikipiga kikaanguka. Sisi tukacheka, na yeye akacheka nasi. Nakumbuka nilimwambia apunguze mwendo kwani mlango haukimbii. Utani wangu huo sasa naukumbuka kwa aibu.

Kumbe alikwisha kwenda hospitali mara moja, akapimwa, akaambiwa ana presha ya macho. Ni ugonjwa usiouma. Unaanza kula pembeni mwa jicho kimyakimya, na kilicholiwa hakirudi. Alipewa kadi ya kliniki na tarehe ya kuanza matibabu. Tarehe ilipofika, karani wa chumba cha mwisho alifiwa na mama yake, na Shangazi akashinda naye. Akapangiwa nyingine. Siku hiyo asubuhi binti yangu mimi alikuwa anaolewa na gauni lilikuwa limembana kiunoni. Nilikwenda mwenyewe kubisha hodi. Nilimkuta amekwisha valia nguo za kutoka, mkoba begani. Akautua mkoba, akaniambia nilete gauni. Sikumuuliza alikuwa akienda wapi.

Tarehe ya tatu ilichukuliwa na mpishi wa kantini, jirani yake wa ukuta mmoja, aliyeomba amwachie mwanawe wa miaka mitatu kwa kuwa alipangiwa zamu mbili mfululizo.

Msije mkadhani nawalaumu karani na mpishi ili mimi nipone. Hakuna aliyemfanyia ubaya kwa kukusudia. Kila mmoja wetu alileta jambo dogo, na kila mmoja alidhani ni lake peke yake.

Siku moja mchana sindano ya cherehani ilipita kwenye kidole chake. Binti yake alirudi kutoka shule akakuta kitambaa cheupe kimelowa damu, na mama yake anapapasa meza akitafuta mkasi uliokuwa hapo hapo, upande wa kushoto. Alipofungua droo kutafuta bandeji, akaiona ile kadi na tarehe zake zilizopita. Hakulia wala hakugomba. Alisimama katikati ya korido na sare yake ya shule, akatuita tutoke, tukatoka.

"Mama yangu hajui kusema hapana," alisema. "Kwa hiyo kuanzia leo nasema mimi. Kesho naenda naye hospitali, na asibishe mtu."

Kesho yake walikwenda. Binti ndiye aliyenisimulia yaliyotokea huko. Daktari alimulika macho yote mawili, akasema la kushoto limekwisha zimika, la kulia bado linaweza kuokolewa likipasuliwa upesi. Akamuuliza kwa nini amechelewa. Shangazi akajibu kwamba watu walikuwa wanamhitaji.

"Na wewe si mtu?" daktari aliuliza.

Alipasuliwa wiki ileile. Akaandikiwa matone ya kutia kila baada ya saa nne bila kuruka, akakatazwa kuinama na kuinua kitu chochote kizito. Binti alikosa shule karibu mwezi akimuuguza na kumalizia nguo za wateja kwa mkono usiozoea. Mtihani wa majaribio ulipokuja alianguka masomo mawili, yeye aliyekuwa haanguki hata moja. Mnaona gharama ya vifungo vyetu ilikoangukia.

Hapo Shangazi akageuka. Mlango uliokuwa wazi miaka kumi ukafungwa. Karani alipopeleka matunda aliyapokea kupitia upenyo, akafunga. Mimi nilikwenda kuomba radhi kwa habari ya gauni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Fundi, nimewapa jicho. Mnataka nini tena?" Nilirudi kwenye viatu vyangu nikapigilia msumari soli ambayo haikuhitaji msumari.

Wengine walinung'unika kwamba amebadilika, amekuwa na roho ngumu. Ajabu ya binadamu, aliyenyimwa kitu asichostahili ndiye hulalamika zaidi. Lakini naomba niseme ukweli wote: hata yeye hakuwa na raha. Binti yake aliniambia kwamba mama hushinda ameketi nyuma ya mlango, anasikiliza nyayo za korido na kutaja kila mpita njia kwa mwendo wake, lakini hafungui.

Ikafika siku ya jambo lenyewe. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi, nyumba tupu, binti amekwisha rudi shuleni, mimi niko barazani kwangu nje. Mpishi alimwacha mwanawe amelala, akijua mdogo wake yuko njiani kuja kumwangalia. Mdogo mtu akachelewa. Mtoto akaamka na homa, akaanza kulia. Shangazi alimsikia kupitia ukuta. Baadaye alitueleza bila kujificha kwamba aliziba masikio kwa mto, akajiambia safari hii atajipenda mwenyewe kwanza.

Kisha kilio kikakatika ghafla.

Alisema kimya kile ndicho kilichomtoa kitandani. Akafuata ukuta kwa mkono, akasukuma mlango wa jirani, akamkuta mtoto amekakamaa, macho yamegeuka juu. Degedege. Shangazi wa zamani angemnyanyua palepale akatimua mbio. Shangazi huyu alipiga magoti taratibu bila kuinamisha kichwa, akamgeuza mtoto ubavu, akamvua sweta, kisha akaniita kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Fundi, njoo umbebe wewe. Mimi nimekatazwa kuinua."

Nilimbeba. Zahanati haiko mbali, ni mwendo wa dakika kumi, tukaenda kwa tano, yeye ameshika mkia wa shati langu ili asijikwae. Njiani alinihesabia muda tangu mtoto alipoanza kukakamaa, na maelezo hayo ndiyo aliyoyataka muuguzi mara tu tulipoingia. Mtoto alidungwa sindano, akalegea, akavuta pumzi ndefu na kulala. Muuguzi alisema tungechelewa kidogo, lingekuwa jambo jingine.

Habari zikawafikia wengine. Karani akaja, mdogo wa mpishi akaja, majirani wengine wawili wakaja. Mpishi mwenyewe alikuwa bado yuko njiani kutoka kazini. Muuguzi akauliza ni nani atakayekaa na mtoto kwa uangalizi mpaka jioni. Ndugu zangu, sote tulimtazama Shangazi. Baada ya yote yale, shingo zetu ziligeuka zenyewe kama tulivyozizoesha.

Alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda, mkono wake juu ya kifua cha mtoto. Alituacha tumtazame. Kisha akainuka, akanyoosha kanga yake.

"Nimekaa naye mpaka hapa, na nimefurahi kukaa," alisema. "Sasa saa ya dawa yangu imefika, na dawa iko nyumbani. Nani anapokea?"

Hakuwa na hasira. Wala hakuwa akiomba. Aliuliza swali na akasubiri jibu, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilihisi nimeitwa kwa jina kwa mara ya kwanza. Nilivuta kiti nikaketi. Karani akasema atanipokea saa tisa. Mdogo wa mpishi akamshika Shangazi mkono akamrudisha nyumbani, na matone yakatiwa kwa wakati wake.

Tangu siku ile mlango umefunguliwa tena, ila una saa zake. Asubuhi uko wazi. Mchana Shangazi hupumzika, na anayebisha hodi huambiwa arudi jioni au amtafute jirani mwingine, na majirani wengine wapo. Watoto wanaokuta kwao kumefungwa tunawagawana. Kliniki anasindikizwa kwa zamu, na zamu ya kwanza niliiomba mimi. Binti alifaulu mtihani wa mwisho, na jicho la kulia linaona vizuri kiasi cha kutunga uzi. La kushoto halitarudi. Tunamheshimu kuliko tulivyomheshimu alipokuwa hakatai kitu, maana zamani tulimtumia tukadhani tunampenda.

Mafunzo Tuliyoyapata kwa Shangazi

Wewe unayewahudumia wengine, nawe umo katika hesabu ya watu. Mwili wako ukiomba siku moja, upe siku hiyo kama ambavyo ungempa jirani, wala usijione mchoyo. Lakini usijipende kwa kuziba masikio, kwa kuwa kuna kilio ambacho usipokiitikia hutapona wewe pia. Mahali usipoweza kunyanyua peke yako, ita.

Nasi tulio wengi, wapokeaji, tusingoje mtu apofuke ndipo tujue kwamba ana macho. Kuna mmoja kama Shangazi katika nyumba yako, ofisi yako, ukoo wako. Ukienda kwake kesho na ukamkuta amevaa nguo za kutoka, mkoba begani, kabla hujasema shida yako muulize anakwenda wapi. Kisha msindikize.