Mtafutaji wa Meza ya Saba

Kasoro ilikuwa ndogo, na aliyeiona ni mmoja tu. Ripoti ya mfumo mpya wa kutafuta vitabu ilisema watu wametafuta mara elfu tisa mwezi huo. Mkurugenzi wa maktaba ya chuo, mtu wa kupenda kupigiwa makofi, akaibandika mlangoni na kutembea kifua mbele. Wanafunzi walipita wakicheka. Wao hawakuwahi kuugusa mfumo wake, walitafuta kwenye simu zao kama siku zote, na yeye hakuwahi kumuuliza hata mmoja anataka nini. Alichojua ni kuamuru kabati la kadi za vitabu, droo mia mbili za tangu jengo lijengwe, lichomwe moto uani, na mwandishi wa kadi hizo kwa miaka ishirini na sita, Mama Kadi, asimamie moto wenyewe.

Mama Kadi aliisoma ripoti mpaka chini. Zote elfu tisa zilitoka kompyuta ya meza ya saba, saa ya chakula cha mchana, ukumbi umefungwa na ufunguo uko mfukoni mwake.

Siku moja akajifungia ndani aone. Kwanza ikaja harufu ya karatasi iliyoungua, kisha mlio wa droo ikivutwa katika ukumbi usio na droo hata moja, kisha kiti cha meza ya saba kikasogea chenyewe, vibonye vikaanza kubonyea taratibu kama vinabonyezwa na mzee anayejifunza, na kwenye kioo yakatokea maneno yaleyale, mstari chini ya mstari, "nyumba yangu iko wapi", na kila mara mfumo ukajibu hakuna kilichopatikana, na kila jibu likamchoma Mama Kadi kidole cha mwisho cha mkono wa kulia mpaka kikawa cheusi kama mkaa.

Kesho yake kikafuata cha pete. Alimpelekea Mkurugenzi mkono ule. Yeye akatazama dirishani, akasema ushirikina auache kwao, tena mtumiaji mwenye bidii hivyo asisumbuliwe.

Akaenda kwa mjomba wake, mganga mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mjomba akavinusa vile vidole.

"Huyu hafukuziki, mwanangu. Mmemchomea kwake. Anauliza kwa adabu, nyie mnamjibu hakuna."

"Mjomba, nimebaki na vinane."

"Si wewe ndiye mwandishi? Mwandikie pa kukaa."

Asubuhi akafungua rekodi mpya. Jina: Nyumba Yangu. Nakala moja, haiazimwi. Penye neno Mahali akasita. Angeweza kuandika ghala la chini, kuna nafasi tele. Lakini nyuma ya ukuta Mkurugenzi alikuwa kwenye simu, akimringia mtu kwa elfu tisa zake. Mama Kadi akaandika: ofisi ya Mkurugenzi. Na kwa kuwa mwandishi hodari haachi mahali pakiwa hapaeleweki, akaongeza: ndani ya mwenyewe.

Saa ya chakula vibonye vililia mara moja tu, kimya kikatanda.

Saa nane Mkurugenzi akatoka ofisini akiburuza miguu, ananuka moshi. Akamwinamia Mama Kadi na kusema kwa upole ambao hakuzaliwa nao:

"Ahsante, binti yangu. Pana nafasi kubwa. Humu hamkuwa na kitu."

Na nyuma ya meno yake, mbali sana, mtu mwingine alikuwa akigonga afunguliwe.